Korongo lipi uende kuliona? Matano yakilinganishwa kwa anayetaka kusoma miamba

Watu wengi wanaopanga safari ya kwenda kuona korongo huanza na ukubwa: lipi refu zaidi, lipi lenye kina kuliko yote. Sina ugomvi na swali hilo, ila halimfikishi mbali mtu anayetaka kuielewa ardhi. Ukishasimama ukingoni, mita 500 na mita 1,800 hukutia kizunguzungu kilekile. Makorongo hutofautiana kwa kile yanachokuonyesha. Moja litakufunulia matabaka ya zaidi ya miaka bilioni moja na nusu, jingine litakuonyesha jinsi mto ulivyonaswa ndani ya mwamba mgumu, jingine litakuonyesha mafuriko ya saa chache yanavyoweza kuchonga jiwe likawa kama kitambaa kilichokunjwa. Nimechukua matano: Grand Canyon, Black Canyon of the Gunnison na Antelope Canyon ya Marekani, Fish River Canyon ya Namibia, na Olduvai ya Tanzania. Kila moja lina somo ambalo mengine hayalifundishi vizuri kama lenyewe.

Kabla ya kuyalinganisha, kuna kosa moja ambalo nalisikia kila mara na linaharibu kila kitu kinachofuata. Umri wa korongo si umri wa mwamba wake. Mtu akichimba kisima leo katika udongo wa maelfu ya miaka, kisima ni cha leo na udongo ni wa kale. Miamba ya chini kabisa ya Grand Canyon ina karibu miaka bilioni 1.8, lakini sehemu kubwa ya korongo lenyewe imechimbwa ndani ya miaka milioni 5 hadi 6 iliyopita. Shika tarakimu hizi mbili mbalimbali, na ukuta wa mawe utaanza kukueleza mambo mawili: ulivyojengwa, na ulivyokatwa.

Mto unachimba, lakini haupanui

Ili korongo litokee, ardhi lazima iwe juu na mto uwe na pa kuteremkia. Ardhi ikiinuka, mto hupata mwinamo, kasi yake huongezeka, nao huanza kula kitanda chake. Maji peke yake hayafanyi kazi kubwa. Kinachokata ni mchanga, kokoto na mawe yanayoburutwa na maji, hasa wakati wa mafuriko, yakisugua mwamba kama msasa.

Mto hukata kwenda chini tu. Upana huletwa na wengine: mvua inayotiririka kwenye kuta, maji yanayoganda ndani ya nyufa na kuupasua mwamba, na uzito wa mwamba wenyewe unaoporomoka ukikosa mhimili. Kwa hiyo umbo la korongo ni matokeo ya mashindano. Mto ukichimba haraka kuliko kuta zinavyoliwa, unapata ufa mwembamba wenye kuta wima. Kuta zikiliwa haraka, unapata nafasi pana ya ngazi na miteremko. Hali ya hewa kavu nayo ina sehemu yake, kwa kuwa mahali penye mvua nyingi kuta hulainika, udongo na mimea hufunika miamba, na badala ya korongo unapata bonde la kawaida. Ndiyo maana makorongo mengi maarufu yako kwenye nchi kame, na ndiyo maana miamba yake inasomeka: hakuna kilichoifunika.

Grand Canyon na Fish River: wakubwa wawili

Haya mawili hutajwa pamoja kila mara, na Fish River husifiwa sana kuwa la pili kwa ukubwa duniani. Usilichague kwa sababu hiyo, kwa kuwa inategemea unapima nini. Grand Canyon lina urefu wa kilomita 446, upana unaofika kilomita 29, na kina kinachozidi mita 1,800. Fish River lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana wa hadi kilomita 27, na kina cha karibu mita 550. Tofauti yenye maana zaidi iko kwenye jinsi yalivyotokea na kwenye kinachoonekana kutani.

Grand Canyon ni la anayetaka kuona wakati. Simama ukingo wa kusini, uko juu ya mwamba wa chokaa uitwao Kaibab, wenye miaka milioni 270 hivi, uliojengwa chini ya bahari ya maji mafupi. Chini kidogo utaona mkanda mpana mweupe unaozunguka korongo lote. Huo ni Coconino, na haukutoka baharini. Ni jangwa la mchanga lililogeuka jiwe, na mistari yake ya mshazari ni migongo ya vilima vya mchanga vilivyokuwa vikisukumwa na upepo. Baadhi ya mawe yake yana nyayo za wanyama waliopita hapo. Endelea kushuka kwa macho, na matabaka yataendelea kubadilishana bahari, pwani, matope na nchi kavu. Magumu yamesimama kama magenge, laini yamelala kama miteremko, na hizo ngazi kubwa zinazoonekana kwenye kila picha ya Grand Canyon ni ubishi tu kati ya mwamba mgumu na mwamba laini.

Kuna tabaka moja linalowadanganya karibu wageni wote. Katikati ya ukuta kuna genge refu jekundu linaloitwa Redwall, yaani ukuta mwekundu. Mwamba wake si mwekundu hata kidogo. Ni chokaa ya kijivu. Wekundu ni kutu ya chuma iliyooshwa na mvua kutoka matabaka ya juu yake, ikachuruzika na kuupaka ukuta wote. Tafuta mahali ambapo kipande kimemeguka karibuni, utaona doa la kijivu ndani ya wekundu, kama ngozi iliyochubuka. Ukishaliona mara moja, kila ukuta mwekundu utakaoukuta baadaye utakufanya ujiulize ni rangi yake au ni rangi ya jirani yake.

Jambo kubwa kuliko yote hapo, kwa maoni yangu, liko chini kabisa, na wengi huondoka bila kulitambua. Matabaka yote ya juu yamelala kama mikeka iliyotandikwa. Halafu ghafla, karibu na mto, mikeka inaisha na chini yake kuna mwamba mweusi uliokunjwa na kusimama wima, umechomekwa mishipa ya graniti ya rangi ya waridi. Mwamba huo wa chini unaitwa shisti ya Vishnu, una umri wa miaka bilioni 1.7 hivi, na uliiva kwa joto na mgandamizo katika mizizi ya milima ambayo imeliwa yote. Tabaka la kwanza juu yake, mchanga mgumu wa Tapeats, lina miaka milioni 500 na kidogo. Mahali yanapogusana, ukiweka kiganja, kidole gumba kinaweza kuwa juu ya mwamba mmoja na kidole cha mwisho juu ya mwingine, na kati yake kuna zaidi ya miaka bilioni moja ambayo mahali hapo haikuacha hata chembe. Milima ilipanda, ikasagika, ikawa tambarare, bahari ikaja. John Wesley Powell, mpelelezi wa Kimarekani aliyeshuka mto Colorado kwa mashua mwaka 1869, alilitambua pengo hili. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa pengo hili anaambiwa, kwa sababu linaonekana kama mstari wa kawaida tu kati ya mawe mawili.

Fish River nalo lina pengo la namna hiyo, na ni rahisi zaidi kuliona. Chini kuna miamba ya kale iliyokunjwa na kuiva, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni moja. Juu yake yamelala matabaka ya Nama, ya karibu miaka milioni 550, meusi na ya kahawia, yamenyooka kama rula. Kwa kuwa korongo si refu kwenda chini na kuta hazina ngazi nyingi, sehemu zote mbili unaziona kwa mtazamo mmoja ukiwa ukingoni. Grand Canyon lina matabaka mengi mno hata mgeni huzama ndani yake. Fish River linakupa sura mbili tu, ya chini na ya juu, na hilo linatosha kabisa.

Lakini kinachonivutia zaidi kwenda Fish River ni umbo. Korongo hili limejengwa kwa hatua mbili. Kwanza ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu na kipande cha katikati kikashuka, kikaacha bonde pana, ambalo barafu ya kale iliyotambaa hapo karibu miaka milioni 300 iliyopita ililisugua zaidi. Ndani ya bonde hilo, baadaye sana, mto ulichimba korongo la pili, jembamba na la ndani. Kwa hiyo unatazama korongo ndani ya korongo. Na hilo la ndani limejipinda kama nyoka. Mto unaojipinda hivyo kwa kawaida ni mto mvivu wa tambarare, si mto wa kukata majabali. Maelezo ni kwamba mapindo yale yalichorwa wakati mto ulipokuwa ukizurura kwenye nchi tambarare. Ardhi ilipoinuka, ukaanza kuchimba ukiwa umeshanaswa ndani ya mapindo yake wenyewe, hauna tena nafasi ya kuhama. Ukingoni karibu na kambi ya Hobas utayaona mapindo hayo yakiwa yamechongwa ndani ya mwamba.

Zile nyufa za kwanza bado zina kazi. Maji huzama kupitia kwake hadi kwenye joto la chini na kurudi juu kama chemchemi za moto. Ya Ai-Ais, upande wa kusini, hutoka na joto la karibu nyuzi 60 za Selsiasi.

Kwa anayechagua: Grand Canyon lina njia za kushuka hata kwa saa mbili tatu, na ukingo wa kusini una njia iitwayo Trail of Time ambayo kila mita moja ya kutembea ni miaka milioni moja, mawe halisi ya korongo yakiwa yamewekwa pembeni kwa mpangilio wa umri. Sijui njia nyingine inayomwingiza mtu kwenye wakati wa ardhi haraka kiasi hicho, watoto kwa wakubwa. Fish River kwa mgeni wa siku moja ni korongo la kutazamwa kutoka juu. Kushuka ni safari ya kilomita 85 hivi, siku nne au tano, inayoruhusiwa tarehe 1 Mei hadi 15 Septemba tu kwa sababu ya joto na mafuriko ya majira mengine, na lazima uwe na cheti cha daktari. Wenye miguu na muda watapata huko upweke ambao Grand Canyon haliwezi kuwapa. Wenye siku moja tu na wanaotaka kugusa mwamba waende Grand Canyon.

Black Canyon na Antelope: wembamba wawili

Yote mawili ni membamba, na sababu zao ni kinyume kabisa.

Black Canyon of the Gunnison, Colorado, ni jembamba kwa sababu mwamba ni mgumu na mto una haraka. Kuta zake ni naisi na shisti za karibu miaka bilioni 1.7, miamba iliyoiva kwa joto na mgandamizo, isiyo na tabaka laini la kuporomoka. Mto Gunnison hushuka humo kwa wastani wa mita 8 kwa kila kilomita, wakati mto Colorado ndani ya Grand Canyon hushuka karibu mita 1.4 tu. Mahali pembamba kuliko pote, chini mtoni, kuta zimeachana mita 12 hivi, na kuna sehemu za sakafu zinazopata jua la takriban dakika 33 kwa siku. Jina la korongo jeusi lilitokana na kivuli hicho.

Utajiuliza mto uliwezaje kuchagua njia ngumu namna hiyo, wakati kulikuwa na nchi laini pembeni. Haukuichagua. Ulianza kwenye miamba laini ya volkeno iliyokuwa imeufunika ule mgumu. Ulipofika kwenye naisi ulikuwa umeshajichimbia mkondo, na maji hufuata mkondo. Hapo ukaendelea kula, karibu sentimita 2.5 kwa kila miaka 100. Zidisha kwa miaka milioni 2 na utapata mita 500, kina cha aina ya korongo unalolitazama. Hesabu hiyo ndogo, ukiifanya ukiwa umeshika kizuizi cha ukingoni, inakuambia zaidi ya bango lolote.

Kitu cha kutafuta hapo ni Painted Wall, genge la mita 685 lenye mishipa ya rangi ya waridi iliyopita huku na huku kama michirizi ya radi. Hiyo ni mawe yaliyoyeyuka yakasukumwa ndani ya nyufa za mwamba wa zamani, yakapoa polepole hata fuwele zake zikakua kubwa. Kanuni ya kusoma ni nyepesi: kinachokata ni kichanga kuliko kinachokatwa. Kwa kanuni hiyo mtu asiye na mafunzo yoyote anaweza kupanga mishipa ile kwa umri.

Antelope Canyon, karibu na mji wa Page, Arizona, ni jembamba kwa sababu tofauti. Hakuna mto wa kudumu. Kuna ufa kwenye jiwe la mchanga, na mara chache mvua kubwa hunyesha mbali huko juu, maji yakakusanyika, yakajaa ndani ya ufa yakizunguka na mchanga wake, yakachonga. Halafu kunakauka tena. Ni kazi ya saa chache iliyorudiwa kwa maelfu ya miaka.

Ukiwa ndani, usogelee ukuta kwa karibu. Utaona maandishi ya aina mbili juu ya jiwe moja, na wageni wengi huyachanganya. Mistari myembamba ya mshazari, iliyobanana kama kurasa za kitabu kilichoinamishwa, ni ya upepo: ni nyuso za vilima vya mchanga vya jangwa la karibu miaka milioni 190 iliyopita. Mabonde laini yanayopinda na kujikunja, yanayoikatiza mistari hiyo bila kuijali, ni ya maji, na ni ya juzijuzi. Upepo ulijenga, maji yamechonga. Punje za mchanga wenyewe ni za mviringo na zina ukungu kama kioo kilichosuguliwa, kwa sababu ziligongana hewani kabla ya kuwa jiwe.

Nisingekuwa mwaminifu nisiposema la hatari. Tarehe 12 Agosti 1997 wageni 11 walikufa humo kwa mafuriko ya ghafla, wakati dhoruba yenyewe ilikuwa mbali nao na hapo walipo hapakuwa na mvua ya kutisha. Leo huingii bila kiongozi kutoka Wanavajo, wenye ardhi hiyo, na wakisema leo hatuingii, usibishe wala usinung'unike. Sehemu ya juu ya korongo hutembewa kwenye sakafu ya mchanga, na ndiyo yenye miale ya jua inayoshuka mchana wa miezi ya joto. Sehemu ya chini ina ngazi nyingi za chuma na hutaka magoti mazima.

Kati ya haya mawili mimi ningemshauri mpenda miamba Black Canyon bila kusita. Antelope ni zuri kupita kiasi, lakini ziara yake ni fupi, ya foleni, na kiongozi mara nyingi huhimiza picha. Mpiga picha achague kinyume.

Olduvai: korongo dogo lenye tarehe

Kwa kina cha mita 90 hivi na urefu wa kilomita 48, Olduvai halishindani na lolote hapo juu. Jina limetokana na oldupai, mkonge mwitu kwa Kimaasai. Kuta zake ni laini, vichanga, na hazina genge la kutisha. Lakini zina kitu kimoja ambacho mengine manne hayana kwa wingi huo: zimepigwa muhuri wa tarehe tabaka baada ya tabaka.

Zamani hapo palikuwa na ziwa, na volkeno za jirani zilikuwa zikimwaga majivu mara kwa mara. Kila mlipuko ulitandaza tabaka jembamba, na majivu ya volkeno hubeba madini ambayo umri wake hupimika. Mwaka 1959 mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu katika matabaka ya chini, na mwaka 1961 vipimo vya majivu vilitoa umri wa karibu miaka milioni 1.75, mkubwa kuliko wengi walivyotazamia. Mto wa msimu uliolikata korongo ndio uliowezesha yote hayo, kwa kufungua miaka karibu milioni 2 ya matope na majivu kama mtu aliyefungua sanduku kwa upande.

Mgeni hutambua mpangilio kwa rangi: mwamba mweusi wa volkeno chini kabisa, matabaka ya kijivu ya majivu na matope ya ziwa juu yake, halafu mkanda mwekundu, uliobaki pia kama mnara unaosimama peke yake katikati ya korongo. Usiokote jiwe hata moja, kwa sababu kitu kikitoka kwenye tabaka lake kinapoteza tarehe yake. Anayependa historia ya binadamu kuliko majabali asihangaike na orodha yangu yote, aanzie hapa.

Ukiwa na nafasi ya mawili tu

Ningechagua Grand Canyon na Black Canyon, na sababu yangu si mandhari. Miamba ya kuta za Black Canyon na ile shisti ya chini kabisa ya Grand Canyon ina umri unaokaribiana. Kwenye Grand Canyon unashuka kwa saa kadhaa, ukipita bahari zilizokauka na majangwa yaliyogeuka mawe, kabla ya kuifikia. Kwenye Black Canyon, katika vituo vingi vya kutazamia, unaegesha gari, unatembea hatua chache, na tayari uko juu yake. Nenda Grand Canyon kwanza, ushuke ulione pengo. Halafu ukifika Black Canyon, inama uushike mwamba wa ukingoni, ukumbuke ulilazimika kushuka kiasi gani kule ili kuukuta, na uhesabu ni matabaka mangapi ya aina ile ambayo hapa yameshaondoka juu ya kichwa chako au hayakuwahi kulala kabisa. Fanya hivyo asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa jua la utosini hufuta vivuli vyote, na bila vivuli mishipa na mistari ya mwamba haionekani.